Kicheko Kisichohitaji Mkalimani: Filamu Bubu za Vichekesho na Njia ya Kuelekea Ziwa Tanganyika

Filamu bubu za vichekesho zilitengenezwa Ulaya na Marekani kati ya mwaka 1895 na mwisho wa miaka ya 1920, kabla ya sauti kuunganishwa na picha. Ya mwanzo inayojulikana sana ni ya ndugu Lumière wa Ufaransa, iliyoonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Mtunza bustani anamwagilia maua. Kijana mtukutu anakuja nyuma yake kimyakimya na kuukanyaga mpira. Maji yanakatika, mzee anainua mdomo wa mpira na kuuchungulia kuona kuna nini, kijana anaondoa mguu, na maji yanamrukia mzee usoni. Kisha anamkimbiza kijana, anamkamata na kumchapa. Haifiki hata dakika moja, lakini karibu kila kitu kilichokuja kuchekesha watu kwa miaka 30 iliyofuata tayari kimo: mtu aliyeshughulika na kazi yake, mchokozi, kifaa kinachomgeuka mwenyewe, mbio na kipigo.

Wafaransa ndio walioongoza mwanzoni. Max Linder, aliyeanza kuigiza katika kampuni ya Pathé mwaka 1905, alijulikana dunia nzima kwa suti yake nadhifu na kofia ndefu kabla Wamarekani hawajapata mchekeshaji wa kulingana naye. Mwaka 1912 Mack Sennett alianzisha kampuni ya Keystone huko California, na kutoka hapo wakatoka polisi maarufu wa Keystone, kundi la askari wanaoanguka kutoka kwenye magari, kugongana wenyewe kwa wenyewe na kumkosa mwizi aliyesimama mbele yao. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomwajiri Mwingereza Charles Chaplin. Filamu yake ya kwanza ilitoka tarehe 2 Februari 1914, na siku 5 baadaye ikatoka ile ambayo watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza akiwa na mavazi yaliyompa jina: koti linalombana, suruali pana kupita kiasi, viatu vikubwa, kofia ndogo ya mviringo, fimbo na kisharubu.

Siku moja kabla ya filamu hiyo ya kwanza, yaani tarehe 1 Februari 1914, reli ya kati ya Wajerumani ilifika Kigoma baada ya kujengwa kwa miaka 9 kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Tarehe hizo zilikaribiana kwa bahati tu. Lakini historia ya sinema magharibi mwa Tanganyika haiwezi kuelezwa bila reli hiyo, kwa sababu mkanda wa filamu ni mzigo kama mizigo mingine: una uzito, una sanduku lake, unaharibika kwa joto na unyevu, na unahitaji mtu wa kuupakia na mwingine wa kuupokea. Kabla ya reli, mzigo wa kutoka pwani ulifika Ujiji mabegani mwa wapagazi baada ya miezi mingi. Baada ya reli, ni suala la siku chache.

Ujiji wa wakati huo haukuwa kijiji cha kusubiri kuonyeshwa dunia. Ulikuwa mji wa biashara uliokwisha kuona misafara ya karne nzima, wenye wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, Waha wa nchi ya milimani na Wajiji wenyewe. Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, na Mapadri Weupe walifika mwaka 1879. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko kabla Mjerumani hajaja. Kigoma, kilomita chache kaskazini, ulikuwa mji mpya wa bandari na stesheni, na haikuchukua muda Wahindi wakafungua maduka kwenye barabara kuu iliyopanda kutoka ziwani. Watu wa aina hiyo, waliozoea wageni wa kila lugha, ni watazamaji wazuri wa mchezo unaochezwa kwa mwili bila maneno.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mambo mara moja. Wajerumani walisafirisha meli nzima ikiwa vipandevipande katika maelfu ya makasha kutoka kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, wakaiunganisha Kigoma na kuishusha majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe walipoukimbia mji. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma mwezi huohuo, na wakabaki wakitawala Kigoma na Ujiji hadi Machi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Hata baada ya hapo Ubelgiji ilibaki na eneo lake la kukodi bandarini Kigoma na lingine Dar es Salaam, ili bidhaa za Kongo ziweze kupita reli ya kati. Kwa hiyo katika miaka ambayo filamu bubu zilikuwa katika kilele chake, bandari ya Kigoma ilihudumia dola mbili, huku ng'ambo, Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ikiwa na reli yake ya kuingia ndani ya Kongo tangu mwaka 1915.

Miaka hiyo ya utawala wa Wabelgiji ndiyo ambayo Chaplin alitengeneza filamu zake fupi zilizo bora kuliko zote. Kati ya mwaka 1916 na 1917 alitoa filamu 12 kwa kampuni ya Mutual, kila moja ikiwa na mikanda miwili na kuchukua dakika 20 hivi. Mojawapo, "The Immigrant" ya Juni 1917, inastahili kutazamwa kwa karibu na mtu yeyote anayeijua safari ya majini. Inaanzia kwenye sitaha ya meli iliyojaa wahamiaji maskini. Chaplin anaonekana kwa nyuma, ameinamia nje ya ukingo wa meli, miguu inarukaruka, mabega yanatikisika, na kila mtazamaji anajua kwamba maskini huyo anatapika kwa kichefuchefu cha mawimbi. Kisha anageuka, na mkononi ameshika samaki mkubwa aliyekuwa akimvua. Baadaye watu wanakaa kula. Chumba kinayumba kulia na kushoto, sahani ya supu inateleza kutoka kwa mlaji mmoja hadi kwa mwenziwe aliyekaa mbele yake na kurudi tena, na kila mmoja anachota kijiko kimoja inapofika upande wake. Chaplin alikijenga chumba hicho juu ya egemeo ili kiweze kuyumbishwa. Meli inapokaribia New York na Sanamu ya Uhuru kuonekana, maofisa wanawafunga wahamiaji wote nyuma ya kamba kama mifugo, na mchekeshaji anamtandika ofisa mmoja teke la makalio.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika umejaa watu wanaoweza kuielewa filamu hiyo pasipo kuambiwa neno. Waingereza waliiibua meli ya Götzen mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikawa ikishuka kusini kupitia vijiji visivyo na gati, abiria wakipanda kutoka kwenye mitumbwi na boti katikati ya maji, mizigo ikivutwa juu, watoto wakipokezanwa. Daraja la tatu la meli hiyo na sitaha ya wahamiaji wa Chaplin ni ulimwengu mmoja: msongamano, chakula kinachomwagika, karani mwenye sauti kubwa na abiria asiye na nauli ya kutosha. Ucheshi wa filamu bubu ulitoka kwa watu wa tabaka hilo. Chaplin mwenyewe alilelewa katika umaskini mkubwa kusini mwa London, na wahusika wake ni vibarua, wahudumu wa hoteli, watu wasio na kazi na wasafiri wasio na mahali pa kulala.

Sinema iliingia Afrika ya Mashariki kupitia bandari za pwani. Waonyeshaji wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wa kuzunguka, wengi wao wenye asili ya India, waliobeba projekta na mikanda na kuonyesha chini ya turubai au kwenye ghala lililokodiwa. Unguja ndiyo iliyotangulia kuwa na jumba la fahari. Mwaka 1921 Hassanali Adamji Jariwalla alifungua ukumbi wa Royal, uliochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyesanifu majengo mengi ya serikali mjini humo. Ukumbi huo ulijengwa kwa ajili ya sinema bubu. Filamu ya kuzungumza ilikuwa bado haijaanza kuuzwa, na ilipoanza Marekani mwaka 1927 ilichukua miaka kadhaa kufika pwani hii. Kwa muda wote huo Chaplin, Harold Lloyd, Buster Keaton na wenzao walikuwa sehemu ya kawaida ya programu, pamoja na filamu bubu zilizoanza kutoka Bombay.

Vifaa vyenyewe viliamua sinema ifike wapi. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 ulitengenezwa kwa nitrati, dutu inayoshika moto haraka na kuungua hata ndani ya maji. Mkanda mmoja wa urefu wa mita 300 ulidumu kati ya dakika 10 na 15, kutegemea mwendo wa mkono wa mwendeshaji, kwa kuwa projekta nyingi za mwanzo zilizungushwa kwa mkono. Mwendeshaji aliyechoka alipunguza mwendo na watu kwenye kitambaa wakatembea kama wagonjwa. Aliyetaka kumaliza mapema aliharakisha na mbio zikawa za kichaa. Nje ya miji mikubwa hakukuwa na umeme. Mabadiliko yalikuja mwaka 1923, Kodak ilipotoa mkanda wa milimita 16 usioshika moto kirahisi. Projekta yake iliweza kubebwa na mtu mmoja, kuwekwa juu ya meza na kuendeshwa kwa jenereta ndogo. Mkanda huo ndio ulioifanya sinema iwezekane bomani, shuleni, misheni na kwenye kambi za mashamba ya mkonge, na nakala za filamu za zamani za Chaplin katika milimita 16 ziliendelea kuzunguka Afrika miaka mingi baada ya kumbi za Ulaya kuziweka kando.

Filamu hizo hazikuwa na maneno isipokuwa vibao vichache vya maandishi vilivyokatiza picha. Katika nchi ambayo wasomaji wa Kiingereza walikuwa wachache, maandishi hayo yalihitaji mtu wa kuyasema, na hapo ikazaliwa kazi ya msimuliaji anayesimama kando ya kitambaa. Kazi hiyo ilikuwepo Japani na India pia. Kwa vichekesho, msimuliaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutia chumvi kuliko ya kutafsiri, maana hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mtu aliyekanyaga ganda la ndizi ameanguka.

Wakati filamu hizo zinaingia, watu wa reli ya kati walikuwa tayari na mchezo wao wa kuwaigiza Wazungu. Beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilienea bara wakati wa vita na baada yake kupitia askari, makarani, wapagazi wa jeshi na wafanyakazi wa reli, ikavuka hadi Kongo na kufika Katanga. Vyama vyake, hasa Marini na Arinoti, vilikuwa na majenerali, makapteni, manahodha na madaktari wa kujipachika. Wachezaji walivaa sare, wakapiga magwaride na kushindana kwa unadhifu na kejeli. Mwanahistoria Terence Ranger aliieleza ngoma hii kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mtu aliyewahi kumwona hamali wa bandarini akitembea kama kapteni wa manowari siku ya Jumapili hakushangaa kumwona Chaplin akiinua kofia yake kwa adabu za kibwana huku soli ya kiatu imekwisha. Ni mzaha uleule, ukitokea upande wa pili wa bahari.

Ndiyo maana wataalamu wa sanaa za maonyesho nchini wamekihusisha kichekesho cha Tanganyika na filamu hizo. Kichekesho, kama aina ya igizo fupi, kilikua katika zama za ukoloni, shuleni na mijini, kikichezwa baina ya vipengele vingine vya tamasha. Hakikuandikwa. Wachezaji walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akabuni maneno papo hapo. Uso ulipakwa chokaa au masizi, tumbo likajazwa nguo, suruali ikawa kubwa mno, na mwendo ukawa wa kulemaa. Mavazi hayo na mwendo huo vinaonyesha deni kwa filamu bubu waziwazi. Visa, kwa upande wake, ni vya nyumbani kabisa: mshamba aliyefika mjini, mume mlevi, mganga tapeli, karani anayejifanya hajui lugha ya mama yake. Kisa cha mshamba mjini kilikuwa na nguvu ya pekee katika mikoa iliyopeleka vibarua mbali, na Kigoma ulikuwa mmojawapo, kwani wanaume wa Buha, nchi ya Waha, walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Pamoja na wazururaji wa mjini, Hollywood ilileta pia mizaha ya nchi ya wachunga ng'ombe. Filamu za makauboi zilikuwa zimekwisha kuwa na kanuni ngumu kiasi hiki, mpanda farasi jasiri, mwizi wa benki, binti wa shule, baa na bastola, hata wachekeshaji wakaona ni rahisi kuzipindua. Mwaka 1918 Roscoe Arbuckle na Buster Keaton walicheza "Out West". Harold Lloyd alitoa "An Eastern Westerner" mwaka 1920, kuhusu kijana wa mjini aliyepelekwa shambani kurekebishwa. Keaton alitengeneza "Go West" mwaka 1925, ambamo kijana mpweke asiyejua kazi yoyote anapata rafiki mmoja tu, ng'ombe jike, na filamu nzima inahusu juhudi zake za kumwokoa asichinjwe. Kati ya filamu zote za aina hiyo, hii ndiyo inayostahili zaidi kuonyeshwa kwa wafugaji. Keaton hatabasamu hata mara moja, anamchukulia ng'ombe kwa heshima ambayo kila mfugaji anaitambua, na mwishoni anaongoza kundi zima la ng'ombe katikati ya barabara za Los Angeles.

Makauboi, wa kweli na wa mzaha, walipata wapenzi wengi katika Afrika ya kati. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na katika miji ya Kongo vijana waliiga kofia, mikanda na mwendo wao. Mjini Léopoldville katika miaka ya 1950 kulikuwa na makundi ya vijana waliojiita Bill, kutokana na Buffalo Bill.

Watawala hawakufurahia yote hayo. Tangu miaka ya 1920, magavana, wamisionari na walowezi katika makoloni ya Uingereza walijadili kwa wasiwasi athari ya sinema. Hofu yao ilikuwa juu ya heshima ya Mzungu. Katika filamu bubu Mzungu anaiba kuku, anaogopa mkewe, analala barabarani na kupigwa keki usoni; polisi wake ni mazuzu; hakimu wake anasinzia. Koloni lilitegemea watu waamini kwamba Mzungu ana busara kuliko wote, na hapa palikuwa na dakika 20 za ushahidi kinyume chake. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Kicheko kinachotoka mbele ya picha ya askari aliyetumbukia pipani ni kicheko ambacho hakuna ofisa wa wilaya aliyeweza kukiamuru kikome.

Filamu hizohizo, kwa upande mwingine, zilimdhalilisha Mwafrika bila haya. Waigizaji Wazungu walipaka nyuso masizi kuigiza Weusi, na visiwa vya "wala watu" vilikuwa mzaha wa kawaida. Katika "The Navigator" ya mwaka 1924, mojawapo ya kazi maarufu za Keaton, meli inakwama karibu na kisiwa cha watu wa aina hiyo, na wakazi wake wanawekwa ndani ya filamu ili wakimbizwe kwa fataki tu. Ubora wa Keaton kama msanii hauondoi uchafu huo, na historia ya filamu hizi katika Afrika haina budi kuutaja.

Swali kubwa lililowashughulisha wakoloni, hata hivyo, lilikuwa kama Mwafrika anaweza kuielewa sinema. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alitumwa Afrika ya Mashariki kuhusu mambo ya elimu, akaonyesha filamu za mafunzo katika shule mbalimbali na kurudi na jibu kwamba wanafunzi walizielewa vizuri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 likafuata jaribio kubwa zaidi, lililofadhiliwa na shirika la Carnegie la New York na kuongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, likiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Hapo zilitengenezwa filamu zipatazo 35 za milimita 16, zikichezwa na Waafrika wenyewe. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri iliyopigwa sambamba, kwa Kiswahili na lugha nyingine za kanda hii. Nyingi zilihusu afya, kilimo, ngozi na kodi. Moja iliwalinganisha wafanyakazi wawili, mmoja anayeweka akiba posta na mwingine anayefukia fedha zake chini na kuibiwa. Mradi ulizunguka na lori lake Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kisha ukafa kwa kukosa fedha.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliandika kwamba watazamaji wa vijijini Afrika hawawezi kufuata mikato ya haraka, kwamba picha inapaswa kukaa muda mrefu, kwamba mbinu za kamera zitawachanganya, na kwamba kitu kikikuzwa kwenye kitambaa watadhani ni kikubwa hivyo kweli. Hadithi zilisambazwa za wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa wakasema kwao hakuna mbu wa ukubwa huo, na za wengine waliotazama filamu nzima ya usafi na kukumbuka kuku aliyepita pembeni. Zilirudiwa kutoka ofisi hadi ofisi kana kwamba ni ushahidi.

Nadharia hiyo ilikanushwa na magari ya sinema yenyewe. Programu za kitengo hicho, zilizoonyeshwa kwa kitambaa kilichotundikwa uwanjani huku msimuliaji akisema kwa kipaza sauti, zilikuwa na somo la choo cha shimo na habari za vita, na mara nyingi zilikuwa pia na Chaplin, ili watu waje na wasiondoke. Filamu za Chaplin na Sennett zina mikato ya haraka, zina mbinu za kamera, zina watu wanaotoka mlango mmoja na kuingia mwingine katika sehemu tatu kwa nusu dakika. Umati uleule ulioambiwa hauwezi kufuata picha ulicheka pale palipotakiwa kuchekwa. Huwezi kucheka kwa wakati bila kuelewa kilichotangulia na kutazamia kinachofuata. Kama watu walichoshwa na filamu ya kuosha mikono, sababu rahisi ni kwamba ilikuwa inachosha.

Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji walikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1945 iliwazuia Wakongomani kuingia kwenye maonyesho ya filamu yoyote isiyopitishwa na kamati ya serikali kwa ajili yao. Pengo hilo lilijazwa na wamisionari. Mapadri Weupe walitengeneza filamu Bukavu, na mapadri wa Scheut walifanya hivyo Kasai. Huko Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili, watu wawili, mmoja jitu na mwingine mdogo, walioigwa kutoka kwa Stan Laurel na Oliver Hardy, ambao walianza kama jozi mwaka 1927 katika miaka ya mwisho ya filamu bubu. Matamata na Pilipili wanagombana, wanaanguka, wanaharibu kazi waliyopewa na kuadhibiwa. Mafunzo yalikuwa ya kimisionari, ya kumtaka Mkongomani awe mtiifu na mchapa kazi, na leo sehemu hiyo inasumbua kutazama. Lakini waigizaji wenyewe walikuwa hodari mno, na watu waliwapenda kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 1996 Mbelgiji Tristan Bourlard alitoa filamu ya kumbukumbu kuhusu jozi hiyo.

Upande wa Tanganyika, filamu za hadithi kwa Kiswahili zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ushirikiano wa serikali na kampuni ya Afrika Kusini. Mwigizaji mkuu wa "Muhogo Mchungu" alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii aliyesoma Tabora, ambaye miaka 10 baadaye akawa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru, kichekesho kilihamia redioni na kwenye majukwaa ya vikundi vya utamaduni. Pwagu na Pwaguzi, wachekeshaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, walilazimika kufanya kwa sauti tupu kile ambacho filamu bubu ilifanya kwa mwili mtupu. Ule ucheshi wa mwili uliendelezwa na watu kama Mzee Small, yaani Said Ngamba, na Amri Athumani wa Tanga aliyeitwa King Majuto, aliyefariki mwaka 2018 akiwa ameigiza tangu utotoni. Majuto aliweza kuchekesha kwa kusimama tu mlangoni na kutazama, jambo ambalo haliigiziki kwa kusoma.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa mikoa ya mbali kama Kigoma hii ilimaanisha kwamba gari la sinema la serikali, ukumbi wa misheni na projekta ya milimita 16 viliishi muda mrefu kuliko sehemu nyingi za dunia. Vilipokufa, nafasi yake ilichukuliwa na kanda za video na vibanda umiza, vyumba vyenye mabenchi, televisheni moja na spika kubwa. Humo msimuliaji wa kando ya kitambaa alirudi akiwa ndani ya kanda: Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na waliomfuata walirekodi sauti zao kwa Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong, India na Marekani, wakieleza, wakitania na kuongeza maneno ambayo hakuna mhusika aliyeyasema. Vipindi ambavyo havikuwahitaji vilikuwa vile vya Rowan Atkinson akiwa Mr. Bean, vilivyoanza mwaka 1990 na kuonyeshwa hadi kwenye mabasi ya masafa marefu. Bean haongei karibu kabisa. Atkinson amesema wazi kwamba amejifunza kutoka kwa wachekeshaji wa zama za filamu bubu, na pia kutoka kwa Mfaransa Jacques Tati aliyezirithi mbinu hizo katika enzi ya sauti, na abiria wa Kigoma anayemcheka Bean akigombana na kiti anacheka mzaha wa Max Linder uliopita mikononi mwa vizazi vinne.

Filamu zenyewe za mwanzo sasa zinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote. Chini ya sheria ya Marekani, ulinzi wa hakimiliki wa filamu za miaka hiyo umekwisha au unaendelea kwisha mwaka hadi mwaka, hivyo "The Immigrant", "Go West" na nyingine nyingi zinaweza kunakiliwa na kuonyeshwa bure nchini humo, shuleni au kwenye ukumbi wa mtaa, bila kumwomba mtu ruhusa.